Mkono usihame kibodi: shotikati za kompyuta kwa watu wa steshenari na maofisini

Pita steshenari yoyote Moshi mjini, iwe zile za karibu na stendi au za kule Double Road, simama nyuma ya anayetaipu alafu usiangalie skrini, angalia mkono wake wa kulia. Unatoka kwenye kibodi unaenda kwenye mausi, unatafuta kale kaalama ka kusevu kule juu, unabonyeza, unarudi, herufi tatu nne, unaondoka tena kwenda kukuza maandishi. Mteja kasimama na fleshi mkononi, nyuma yake foleni. Vidole havina shida kabisa, kuna wadada wa steshenari hapa mjini wanataipu bila hata kuangalia chini, ila barua ya ukurasa mmoja inakula nusu saa kwa sababu ya safari za huo mkono.

Dawa ya hizo safari ni shotikati, yaani vitufe vya kibodi unavyobonyeza badala ya kushika mausi. Kuna zile orodha za shotikati mia moja zinazozunguka WhatsApp, mtu anaisevu kwenye simu na haifungui tena maisha yake. Hazisaidii mana hazijapangwa kwa kazi yako. Mhasibu wa ofisi ya utalii Arusha na kijana anayeprinti CV Moshi hawahitaji vitu sawa. Kwa hiyo hapa naenda kwa kazi, we chukua sehemu inayokuhusu nyingine ruka. Naongelea Windows pamoja na Word na Excel, ndo ziko kwenye mashine nyingi za huku, Mac nitaigusa mwishoni.

Hatua ya 1: jipeleleze

Weka karatasi pembeni ya kompyuta asubuhi. Kila ukishika mausi kufanya kitu, andika kitu gani, na ukirudia weka alama ya kijiti. Mpaka mchana utaona vitu vitatu au vinne vimejaa vijiti, kwa wengi huwa ni kukopi na kupesti, kusevu, kuhama kutoka dirisha moja kwenda lingine, na kuselekti maandishi kwa kuyavuta na mausi. Basi hivyo vitatu vya juu ndo darasa lako la wiki hii, vingine achana navyo kwanza hata kama ni vitamu.

Alafu jiwekee sheria moja: ukijikuta umefanya kwa mausi kitu ambacho umeshajifunza shotikati yake, rudisha nyuma, kifanye tena kwa kibodi. Inaudhi, lakini vidole vinashika haraka sana kwa njia hiyo kuliko kukariri.

Hatua ya 2: vidole vikae wapi

Papasa herufi F na J kwenye kibodi yako, zina kanundu kadogo. Zimewekwa hivyo ili vidole vya shahada vijue nyumbani bila macho. Mkono wa kushoto ukikaa hapo, kidole cha mwisho kinashuka chenyewe kwenye Ctrl, dole gumba linakuwa karibu na Alt. Ndo mana shotikati nyingi zimejaa upande wa kushoto. Z, X, C na V zimepangana mstari mmoja hapo chini, na kukata, kukopi na kupesti kwa namna tunayoijua leo kulitoka kwa Larry Tesler na mwenzake Tim Mott miaka ya 1970 wakiwa Xerox PARC, kituo cha utafiti kule California, baadaye Apple wakaziweka kwenye hizo herufi nne pamoja na ile ya kurudisha nyuma, na Windows nao wakafuata. Tesler amefariki 2020.

Sasa kitu ambacho hakuna anayekieleza na kinawapiga chenga wanaoanza: nikiandika Ctrl+C maana yake ubonyeze Ctrl, uishikilie, ndo uguse C mara moja, uachie zote. Sio zote mbili kwa pamoja. Ukiwahi C kabla ya Ctrl, na ulikuwa umeselekti ukurasa mzima, ukurasa mzima unapotea inabaki herufi c peke yake kwenye karatasi nyeupe. Kijana wa kwanza kazini anaona hiyo anatoka jasho. Usiguse kitu kingine, Ctrl+Z, kila kitu kinarudi.

Hatua ya 3: zile ambazo hauna ujanja nazo

Ctrl+S kusevu. Hii haihitaji maelezo kwa mtu anayejua umeme wa kukatika katikati ya kazi, tena ukiwa unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, lile betri la akiba. Fundisha mkono ubonyeze kila ukimaliza aya, kila simu ikiita, kila mteja akikuongelesha. Ctrl+Z inarudisha nyuma hatua moja na unaweza kuibonyeza mara nyingi mfululizo, ukipitiliza Ctrl+Y inakupeleka mbele. Ctrl+A inaselekti vyote, Ctrl+P inaprinti, Ctrl+F inatafuta neno. Ctrl+X inakata, Ctrl+C inakopi, Ctrl+V inapesti.

Kupesti kuna mambo mawili hapo. La kwanza, ukikopi kitu kutoka kwenye mtandao ukakipesti Word kinakuja na rangi zake, fonti zake, saa nyingine na mandharinyuma ya kijivu. Badala ya kuanza kusafisha kwa mausi, ukishapesti gusa Ctrl peke yake mara moja alafu gusa T, yanabaki maandishi matupu yanayofanana na ya kwako. Kwenye Chrome ni Ctrl+Shift+V moja kwa moja, na Word za karibuni nazo zinaikubali.

La pili ni kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha, pamoja na V. Watu wengi hawaijui na ndo ningeanza nayo mimi kama ningefungua steshenari kesho. Mara ya kwanza itakuuliza kama uiwashe, kubali. Kuanzia hapo kompyuta inakumbuka vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, sio kimoja. Kwa hiyo kama unajaza fomu ya mtu kutoka kwenye CV yake, unakopi jina, unakopi namba ya simu, unakopi anwani, shule, mwaka wa kumaliza, vyote mfululizo, alafu unahamia kwenye fomu mara moja tu na kupesti kimoja kimoja kwa Windows+V. Kitu unachokitumia kila siku, mfano anwani ya ofisi, unakibana kwa ile alama ya pini na hakiondoki hata ukizima mashine.

Lakini kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, elewa kuwa humo kwenye hiyo orodha kuna namba za NIDA na paswedi za wateja waliotangulia, na mteja mwingine akikaa hapo akabonyeza Windows+V anaviona vyote. Ukimaliza kumhudumia mtu fungua hiyo orodha ubonyeze Clear all. Hiyo ni sehemu ya kazi kama vile kumrudishia cheti chake.

Hatua ya 4: kutembea ndani ya maandishi

Hapa ndo pana muda mwingi kuliko kukopi na kupesti, na ni sehemu watu wanairuka mana haionekani ya maana.

Vishale vya kibodi vinasogeza kale kamstari kanakowaka na kuzima herufi moja moja. Shikilia Ctrl alafu bonyeza kishale, kanaruka neno zima. Ctrl na kishale cha juu au chini kanaruka aya. Home inakupeleka mwanzo wa mstari, End mwisho wa mstari, Ctrl+Home mwanzo wa dokumenti nzima, Ctrl+End mwisho wake. Sasa kila moja ya hizo ukiongeza Shift, badala ya kutembea tu unaselekti unapopita. Yaani Shift+End inaselekti kuanzia ulipo mpaka mwisho wa mstari. Ctrl+Shift+kishale cha kulia inaselekti neno, ukigusa tena la pili, ukigusa tena la tatu. Ukishaelewa hiyo kanuni hauna haja ya kukariri, unaunganisha mwenyewe.

Na kufuta: acha kushikilia Backspace ikila herufi moja moja huku ukisubiri. Ctrl+Backspace inafuta neno zima la nyuma, Ctrl+Delete neno la mbele. Umekosea jina la ukoo la mtu, gusa mara moja, andika upya.

Jaribu hivi sasa hivi kwenye barua yoyote: nenda mwisho wa dokumenti kwa Ctrl+End, panda mistari miwili, gusa End, futa jina la aliyeandika kwa kuliselekti lote na Shift+Home, andika lingine, sevu. Mausi usiiguse. Ukiweza hiyo bila kufikiria umeshakuwa mtu mwingine hapo dukani.

Hatua ya 5: Word, kwa watu wa ratiba za safari na barua

Ofisi za utalii Arusha, iwe Njiro, Sakina au Kijenge, hakuna anayeandika ratiba ya mgeni kutoka sifuri. Unafungua ya mgeni aliyepita unabadilisha. Kitu cha kwanza kabisa kabla ya kugusa neno lolote ni F12, inafungua dirisha la kusevu kwa jina jipya. Ukianza kubadilisha kwanza alafu kwa mazoea mkono ukabonyeza Ctrl+S, ratiba ya mgeni wa zamani imeshaandikwa juu, na huyo mgeni akiandika imeili kuuliza siku yake ya tatu analala wapi hauna cha kumjibu.

Ukishasevu jina jipya, Ctrl+H. Hii inatafuta neno na kubadilisha. Juu unaandika la zamani, unabonyeza Tab, chini unaandika jipya. Kwa jina la mgeni unaweza kubonyeza Alt+A yabadilike yote kwa mkupuo, mana jina la mtu halijifichi ndani ya neno lingine, mara nyingi.

Ila kwa majina ya njia za kupanda Mlima Kilimanjaro usithubutu. Tuseme ratiba ilikuwa ya Machame na mgeni mpya anapanda kwa Lemosho. Ukibadilisha yote kwa mkupuo, usiku wa kwanza utasomeka Lemosho Camp, na Machame Gate itakuwa Lemosho Gate, wakati mtu wa Lemosho anaanzia Londorossi, analala Mti Mkubwa, alafu Shira 1 na Shira 2, ndo anakuja kukutana na watu wa Machame kuelekea Lava Tower na Barranco. Kuanzia hapo kwenda Karanga, Barafu, Uhuru mita 5,895 na kushukia Mweka ratiba zinafanana. Kwa hiyo humo ndani ya dirisha la Ctrl+H tumia Alt+F kwenda kwenye neno linalofuata, lisome, likistahili kubadilika Alt+R, lisipostahili Alt+F tena usonge. Ni polepole kidogo ila bado ni haraka mara kumi kuliko kusoma kurasa nane ukiwinda kwa macho.

Ctrl+H hiyo hiyo ina utundu mwingine. Mtu amekutumia maandishi kwa WhatsApp, ukipesti kila mstari una nafasi tupu chini yake. Juu andika ^p^p, chini andika ^p, Alt+A. Zikibaki chache rudia.

Kurasa. Jamani, kuhamia ukurasa mpya sio kubonyeza Enter mpaka ufike, ukiongeza mstari mmoja kule juu kila kitu kinashuka, na ukipeleka fleshi kuprinti kwenye mashine nyingine kichwa cha habari kinatokea chini ya ukurasa. Bonyeza Ctrl+Enter, mara moja, ukurasa umekatika na haiyumbi. Hii wanafunzi wa research wa pale chuo cha ushirika na kwingine ingewaokolea hela nyingi za kuprinti mara mbili mbili. Na hao hao msimamizi akisema nafasi ya mstari iwe moja na nusu, Ctrl+A alafu Ctrl+5. Ikitakiwa mbili ni Ctrl+2, moja ni Ctrl+1.

Zingine haraka haraka: Ctrl+E inaweka katikati, Ctrl+L kushoto, Ctrl+R kulia, Ctrl+J inanyoosha pande zote. Ctrl+B inakoleza, Ctrl+U inapigia mstari. Ctrl na mabano ya mraba, lile la kufungia linakuza maandishi kidogo kidogo na la kufungulia linayapunguza. Shift+F3 ni ya kuokoa, mteja kaandika barua nzima kwa herufi kubwa, selekti, bonyeza, zinakuwa ndogo, bonyeza tena zinabadilika mpangilio mwingine. Shift+F5 ukishafungua faili inakurudisha ulipoishia.

Sasa hii sio shotikati ya vidole lakini ni ndugu yake wa damu. Barua za huku zina maneno yale yale kila siku. Nenda File, Options, Proofing, alafu AutoCorrect Options. Kwenye kisanduku cha kushoto andika kifupi, mfano wkt, cha kulia andika Wako katika ujenzi wa taifa, bonyeza Add. Kuanzia hapo ukiandika wkt ukagusa nafasi, sentensi inajiandika. Fanya hivyo kwa YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KAZI, kwa anwani ya ofisi na S.L.P. yake, kwa jina refu la kampuni. Chagua kifupi ambacho sio neno halisi, ukiweka wa au ya utalia. Na kama Word yenyewe imejibadilishia neno lako la Kiswahili ikidhani ni Kiingereza, Ctrl+Z hapo hapo inarudisha ulichoandika bila kufuta kingine.

Hatua ya 6: Excel na orodha ya wapagazi

Tuchukue kazi halisi, shiti ya malipo ya safari moja ya mlima: jina, simu, NIDA, siku, malipo kwa siku, jumla kwa dola, jumla kwa shilingi.

Kabla haujaandika chochote selekti kolamu ya simu kwa Ctrl+Space, alafu bonyeza Ctrl+1, chagua Text, Enter. Fanya hivyo na ya NIDA. Namba ya simu ukiiandika bila hivyo inapoteza sifuri ya mbele. Hiyo unaweza kuishi nayo. NIDA ndo balaa, ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, kwa hiyo ukiiandika mfululizo bila vistari tano za mwisho zinageuka sifuri kimyakimya na kuirudisha haiwezekani, mpaka umwombe mtu kitambulisho tena. Ukisahau kuweka Text, anza na alama ya king'ong'o, hii ', ndo uandike namba. Haitaonekana kwenye kuprinti.

Siku ni saba kwa wote? Selekti seli zote za siku kwa Shift na kishale cha chini, andika 7, bonyeza Ctrl+Enter. Zote zimejaa. Jumla, andika =D2*E2 kwenye ya kwanza, selekti kuanzia hapo mpaka chini, Ctrl+D, fomyula inashuka.

Shilingi sasa. Tuseme kiwango cha kubadilisha dola umekiweka H1. Ukiandika =F2*H1 ukaishusha na Ctrl+D, mstari wa pili utatafuta H2, wa tatu H3, huko hakuna kitu, utapata sifuri chungu nzima. Ukiwa bado unaandika fomyula na kamstari kako kwenye H1, bonyeza F4. Inageuka $H$1, imegandishwa. Arusha dola ziko kila mahali lakini hizi mbili ndo watu wanazisahau kuliko zote.

Nenda chini ya kolamu, Alt na alama ya sawasawa, jumla imejipiga, Enter. Ctrl+Shift+1 inaweka koma za maelfu na desimali mbili. Ukiona seli imejaa ####### usiogope, kolamu ni nyembamba tu: gusa Alt uachie, alafu H, O, I moja baada ya nyingine, inajitanua yenyewe. Hiyo Alt ya kugusa na kuachia ijaribu popote, herufi zinatokea juu ya kila kidude cha menyu, kwa hiyo hata kitu usichojua shotikati yake unaweza kukifikia kwa kusoma herufi.

Tarehe ya leo ni Ctrl na nukta mkato. Inabaki hiyo hiyo hata ukifungua faili mwakani, tofauti na =TODAY() ambayo inabadilika kila siku, usiiweke kwenye invoisi. Na kama laptopu yako ni ya mtumba kutoka nje, angalia kama tarehe haitangulizi mwezi kwa mtindo wa Marekani, mana 3/7 kwako ni Julai kwa mashine ni Machi. Windows+I inafungua mipangilio, tafuta Region urekebishe.

Kutembea: Ctrl na kishale cha chini inakupeleka mwisho wa data. Kama kolamu ni tupu itakutupa mstari wa 1,048,576, ndo mwisho wa shiti, Ctrl+Home inakurudisha nyumbani. Ctrl+Shift+kishale inaselekti mpaka mwisho wa data. Ctrl+PageDown inahamia shiti inayofuata, nzuri kama kila mwezi una shiti yake. Ctrl+Shift+L inaweka vichujio, ukiwa kwenye kichwa cha kolamu Alt+kishale cha chini inakifungua. F2 inakuingiza ndani ya seli kurekebisha bila kufuta yote.

Hatua ya 7: madirisha na brauza

Alt+Tab inahama kati ya programu mbili za mwisho, ukishikilia Alt ukagusa Tab mara kadhaa unachagua. Ukiwa unajaza fomu ya mtandaoni huku unasoma cheti kilichoskaniwa, Windows+kishale cha kushoto kwa kimoja na Windows+kishale cha kulia kwa kingine, vinakaa pembeni kwa pembeni. Windows+D inaficha vyote. Windows+E inafungua mafaili, ukishafika kwenye faili F2 inabadilisha jina, Ctrl+Shift+N inatengeneza folda mpya. Angalia Shift+Delete, hiyo inafuta jumla, haipitii kwenye pipa la taka.

Windows+Shift+S inakata kipande cha skrini. Umetoa kontroo namba ya mteja, kata hicho kipande, nenda WhatsApp ya kwenye kompyuta, Ctrl+V, Enter, kimeenda. Hakuna kupiga picha skrini na simu ikatoka na mwanga wa taa.

Kwenye Chrome, Ctrl+T ukurasa mpya, Ctrl+W kuufunga, Ctrl+Shift+T kuurudisha uliofunga kwa bahati mbaya, Ctrl+L kuruka kwenye anwani, Ctrl+J vitu ulivyopakua. Mteja akitaka kuingia kwenye imeili yake mfungulie Ctrl+Shift+N, ni dirisha la faragha, akimaliza ukifunga madirisha yote ya aina hiyo akaunti yake haibaki wazi. Ukinyanyuka kwenda kuchukua chai, Windows+L inafunga mashine.

Zikigoma

Ukibonyeza F2 au F4 ukaona sauti inapungua au mwanga unabadilika, hiyo laptopu imepewa vitufe vya juu kazi nyingine. Shikilia na Fn. Lenovo na Dell nyingi ukibonyeza Fn+Esc unageuza moja kwa moja, HP nyingi inabadilishwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka, mwite fundi kama haujazoea huko.

Kidirisha kikitokea kinauliza kuhusu Sticky Keys ujue umegusa Shift mara tano mfululizo, kataa uendelee. Skrini ikipinduka miguu juu, kwa mashine za zamani zenye grafiki ya Intel, Ctrl+Alt+kishale cha juu. Excel ikawa vishale vinasogeza shiti nzima badala ya kuhama seli, Scroll Lock imewaka, na kama laptopu haina hicho kitufe bonyeza Windows+Ctrl+O, kibodi inatokea kwenye skrini, ScrLk iko humo. Hiyo hiyo inakusaidia kumalizia kazi siku herufi moja ya kibodi imekufa na mteja anasubiri. Programu ikiganda usikimbilie kuzima mashine, Ctrl+Shift+Esc, chagua iliyoganda, Delete. Ctrl+Alt+Delete nayo bado ipo, aliyeitunga ni David Bradley wa IBM kwa ajili ya ile PC yao ya 1981, iliwasha mashine upya, na vitufe vilichaguliwa mbalimbali makusudi ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya.

Kwa wa Mac, nyingi ya hizi ni Command badala ya Ctrl, C, V, X, Z, S, P zote zile zile, na kuruka neno ni Option na kishale. Kuhama programu ni Command+Tab. Kuwa makini na Command+W na Command+Q mana zimepakana: W inafunga dirisha moja, Q inafunga programu nzima.